Mpanda Mlima wa Mgahawani

Kila Jumapili, kabla kengele za kanisa hazijaanza kulia, Hermenegildo alivaa buti zake za mlimani, akatupia shanta mgongoni, akashika fimbo zake mbili za kupandia, kisha akashuka ngazi za nyumba yake kifua mbele kama askari anayekwenda kuvishwa nishani. Jirani zake walikwishamzoea.

"Leo wapi, Gildo?" walimuuliza kutoka madirishani.

"Juu!" aliwajibu, akiinyooshea fimbo milima ya Almijara, kusini mwa Hispania, iliyojipanga nyuma ya mji.

Wala hakuwa akidanganya. Mgahawa wa Salud uko juu kweli, pale barabara ya lami inapokata tamaa na njia za miguu zinapoanza. Ila yeye alikuwa akiishia hapo hapo.

Tumtendee haki: hakuanza hivyo. Gildo alikuwa mtu wa bucha. Ujana wake na utu uzima wake wote uliishia sokoni, nyuma ya meza ya marumaru, akikata mbavu za nguruwe na kutaniana na wanawake wa mji mzima. Mkewe, Angustias, alipofariki, alifunga bucha akahamia dirishani. Akawa anakaa pale, anatazama barabara, anakula, na mkanda wa suruali unazidi kumkimbia. Binti yake wa pekee, Araceli, ni muuguzi wa wagonjwa wa moyo huko Málaga. Siku ya Krismasi alimpima baba yake presha. Alikikunja kile kipimo taratibu, akakirudisha mkobani, akampigia simu Mwalimu Casilda palepale mezani, kabla hata ya kuletwa peremende.

Mwalimu Casilda alifundisha michezo shuleni mpaka akastaafu, na mpaka leo mji mzima unamwita Mwalimu. Ni mwembamba, amekauka kwa jua, na filimbi haimtoki shingoni. Ndiye mkuu wa kikundi cha Jumapili: watu kumi na kitu, wengi wao wastaafu, wanaokutana kwa Salud, wanakunywa kahawa na mkate wa kuchoma uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni, halafu wanapanda.

Jumapili ya kwanza Gildo alifika kona ya kwanza, akalala chali kwenye majani, akaona mbingu ziko karibu kuliko alivyopenda. Ya pili alifika kona ileile, akaketi. Ya tatu wenzake waliponyanyuka mezani, yeye aliendelea kumenya chungwa.

"Goti," alisema.

"Goti gani?" Mwalimu akauliza.

Gildo akayatazama magoti yake kama anayechagua nyama. "Hili."

Basi wakamwacha. Waliporudi mchana, wamechoka, njaa inawauma, walikuta meza ndefu imeandaliwa chini ya mzabibu, na katikati yake sufuria pana la wali wa sungura, unafuka moshi, umekolea zafarani. Gildo ndiye aliyewachagua sungura wenyewe, akawakata, akamsimamia Salud jikoni mpaka Salud akatishia kumtoa kwa mwiko. Watu walikwangua sufuria. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena habari za goti.

Ikawa ndio utaratibu. Wenzake wakipanda, Gildo anavua buti, anatoa shantani ndara zake za nyumbani, zile za kitambaa cha mirabamiraba, anatoa na boksi la dhumna, anacheza na wakulima wanaopita kunywa kahawa, na katikati ya mchezo anakwenda kuonja mchuzi. Mchana, kila aliyeketi kula alipaswa kumpa kisa kimoja cha huko juu. Mmoja alimletea mbuzi mwitu aliyesimama kwenye mwamba usio na mahali pa kusimama. Mwingine alimletea tai. Benigno, aliyekuwa fundi bomba, alimletea bahari: "Ukiwa kule mgongoni mwa mlima, Gildo, unaiona yote. Imelala kama bati." Na jioni Araceli alipopiga simu, Gildo alimmiminia vyote.

"Leo nimekutana na mbuzi mwitu, mwanangu. Amenitazama, nami nimemtazama."

"Halafu?"

"Kila mtu akashika njia yake."

Araceli alicheka mpaka akasikika chumba kizima cha wauguzi. Akamnunulia baba yake buti mpya, soksi za sufu na kofia. Wagonjwa wake walikuwa wakimsikia: baba yangu alikuwa hivi, leo anapanda milima, nanyi mtapona. Gildo alipoambiwa hayo, usiku ule wali haukumpita vizuri. Lakini Jumapili iliyofuata kulikuwa na mwanakondoo, akasahau.

Basi ikafika Mei. Jioni moja Araceli akapiga simu siku ambayo si yake.

"Baba, Jumapili hii nakuja kupanda na wewe!"

Gildo akakaa chini. Bahati, palikuwa na kiti.

"Na Fermín?" aliuliza. Fermín ndiye mchumba, dereva wa gari la wagonjwa.

"Fermín ana zamu. Lakini mama yake anakuja. Mama Olvido ni mtu wa Cazorla, amezaliwa milimani, nimemsimulia habari zako zote. Anasema lazima amwone mzee anayetazamana na mbuzi."

Kabla ya kahawa ya kesho yake, Gildo alikuwa mlangoni kwa Mwalimu.

"Mwalimu, nimekwisha."

"Umekufa?"

"Bado. Jumapili." Akamweleza.

"Mwambie ukweli."

"Nimwambie nini? Kwamba mlima pekee niliopanda tangu Krismasi ni mlima wa wali?"

"Hivyo hivyo. Umeisema vizuri kabisa."

Gildo akamtazama kwa macho ambayo wateja wake wa zamani walikuwa wakimtazama nayo Jumamosi jioni, nyama imekwisha. Mwalimu akacheka. Yeye naye alikuwa amekula wali ule.

"Sawa. Utapanda, kwa miguu yako mwenyewe. Nitachagua njia ya chemchemi. Ile hata mtoto wa chekechea anafika. Na kwa kuwa nasikia umemwambia binti yako kwamba siku nyingine wewe ndiye unayeongoza…"

"Mara moja tu! Iliniponyoka!"

Mwalimu akaivua filimbi yake, akamvisha. "Basi ongoza, bwana kiongozi."

Walikaa kikao jioni ile, watu wamejazana sebuleni kwa Mwalimu, hakuna aliyekosa, maana burudani ya namna hiyo haiji kila mwaka. Ikapitishwa kwamba Benigno atatembea nyuma ya Gildo na kumwelekeza kwenye njia panda. Akikohoa, kushoto. Akipiga chafya, kulia.

"Benigno, na mzio wako wa mizeituni je?" mtu mmoja akauliza. "Si ndiyo imechanua?"

"Nimemeza vidonge," Benigno akajibu, ametuna kama aliyetukaniwa ukoo. "Mimi na mizeituni tumeelewana mwaka huu."

Jumapili ikafika, anga safi, jua linachapa mapema. Araceli alimkumbatia baba yake, akamshika tumbo kitaalamu, akasema labda ni misuli. Mama Olvido alikuwa mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mvulana, na buti zake zilikuwa zimechakaa zikachukua umbo la miguu yake. Alizitazama buti za Gildo, zinang'aa.

"Mpya?"

"Naziheshimu," Gildo akasema.

Salud, mwenye mgahawa, hakuwa amepewa habari. Alipomwona Gildo ananyanyuka na wenzake, alisimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Mlimani!" Gildo akasema, akimkonyeza mpaka jicho likauma.

"Kufanya nini?"

"Salud anapenda utani," Mwalimu akadakia, akawasukuma watu wote njiani kama mbuzi.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Njia ya chini inafuata mfereji wa maji, tambarare, kivuli cha misonobari, maji yanacheza pembeni. Gildo alitembea mbele, filimbi kifuani, akijiuliza kwa nini kila siku alikuwa akiogopa kitu kizuri hivi. Kwenye njia panda ya kwanza Benigno alikohoa kikohozi kimoja kizito, cha kiume. Gildo akanyoosha fimbo kushoto bila hata kupunguza mwendo.

"Anaijua njia kama jikoni kwake," Araceli akamnong'oneza Mama Olvido.

"Naona," Mama Olvido akasema. Akaongeza hatua, akawa sambamba na Gildo. "Mti huu mnauitaje huku?"

Gildo akautazama. Ulikuwa mti. "Huu… ni wa hapahapa."

"Na ua hili la zambarau?"

"Hilo tunaliacha tu, mama, hatuligusi."

Mama Olvido akageuza uso upande wa pili, mabega yakimtikisika.

Kisha njia ikatoka msituni ikaingia kwenye shamba la mizeituni, matuta kwa matuta, na kila tawi limebeba vishada vya maua meupe madogo. Upepo ulipuliza kidogo tu. Nyuma ya Gildo ikasikika chafya moja. Ikafuata nyingine. Halafu Benigno akafunguka kama bomba lililopasuka, yeye aliyeyaziba ya mji mzima, na hapo hapo njia ikagawanyika mara mbili.

Gildo akasimama. Kushoto njia ilishuka kistaarabu kuelekea majani mabichi. Kulia ilipanda, imejaa mawe, na haikuonyesha dalili ya kutaka kuacha kupanda.

"Benigno," akasema kwa sauti ya chini, "una hakika?"

"Nina… nina…" Benigno akasema, akapiga chafya iliyomkunja mara mbili.

Gildo akainua fimbo. "Kulia!" akatangaza, akapuliza na filimbi juu yake.

Mwalimu Casilda, aliyekuwa mwisho wa mstari, alifumbua mdomo kusema kitu. Akamwona Gildo anaanza kupanda yale mawe, makalio juu, fimbo zinatafuta pa kushika. Akaufumba. Njia ile nayo inafika kwa Salud, kwa kuzunguka mgongo wa mlima, na yeye, kama alivyosema baadaye bila haya, alitaka kuona.

Walipanda. Gildo hakuwa na pumzi ya kusema, jambo ambalo Araceli alilichukua kuwa ni umakini. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye soksi za sufu. Mama Olvido aliendelea kutembea kando yake kama anayekwenda dukani.

"Bwana Gildo," akamwambia, polepole ili wengine wasisikie, "huyo rafiki yako nyuma akipiga chafya, wewe unageuka kama ng'ombe aliyevutwa kamba."

Gildo akajifuta jasho kwa kofia.

"Na hapa si njia ya chemchemi. Chemchemi hukaa chini. Maji hayajajifunza kupanda."

"Mama," Gildo akatweta, "nakuomba. Mbele ya binti yangu."

Mama Olvido akampokonya fimbo moja, akaifupisha kwa kuizungusha katikati, akamrudishia. "Ilikuwa ndefu mno kwa mwinuko huu. Pumua kwa pua. Sitasema kitu, nimekuja kutembea, si kutoa ushahidi."

Huenda siri ingefika salama. Lakini kwenye bega la mlima kulikuwa na mbuzi, kundi zima limetawanyika njiani likitafuna, na katikati ya mbuzi kulikuwa na jibwa la kulinda mifugo, rangi ya maziwa yaliyoungua, ukubwa wa ndama. Halikubweka. Lilisimama tu, likanusa hewa, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake. Maana shantani mwa Gildo, pale ambapo wenzake hubeba maji na koti la mvua, mlikuwa na soseji za damu, soseji za pilipili nyekundu na kipande cha paja la nguruwe lililokaushwa, vyote alivyovifunga asubuhi kwa mazoea.

"Msikimbie," Mwalimu akasema kutoka nyuma.

Gildo, ambaye kukimbia ilikuwa nje ya uwezo wake, alilitupa shanta chini. Jibwa likalishika kwa meno, likalitikisa huku na huku kama kuku. Zipu ikakubali. Soseji zikaruka upande mmoja. Upande mwingine likaruka boksi la dhumna, likagonga jiwe, vipande vikashuka mteremkoni ka-ka-ka-ka, vikipitana. Na mwisho kabisa, taratibu, kama zilizosita kwa aibu, zikaanguka ndara mbili za mirabamiraba, moja hapa, moja miguuni pa Araceli.

Jibwa likaondoka na soseji na paja. Kila mtu akatafuta kitu cha kutazama. Benigno alipiga chafya, na safari hii hakuna aliyegeuka kulia wala kushoto.

Araceli akaiokota ile ndara. Aliijua, yeye ndiye aliyemnunulia. Akaigeuza. Soli yake ilikuwa imelika vizuri, imeingiwa na vumbi jeupe la sakafu ya mgahawa.

"Baba. Hizi ni za nini mlimani?"

"Za… za kupumzisha miguu, mwanangu."

"Na dhumna?"

Gildo akawatazama wenzake. Watu wale aliowalisha sungura na kondoo tangu baridi, wote walikuwa wakitazama mbuzi.

"Unafika wapi, baba? Jumapili. Unafika wapi?"

"Kwa Salud," Gildo akasema.

"Halafu?"

"Halafu nakaa."

"Na yule mbuzi mwitu mliyetazamana?"

"Huyo ni wa Mwalimu."

"Tai?"

Mwanamke mmoja kwenye mstari akanyoosha mkono nusu, akaushusha.

Araceli hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimpa baba yake ile ndara, akafunga kamba ya buti yake ambayo haikuwa imefunguka. Kutoka juu ikasikika mluzi, mchungaji akajitokeza kwenye mwamba, kijana mwenye vifaa vya muziki masikioni, akaomba radhi kwa ajili ya jibwa lake. Mwalimu akamuuliza njia, kwa adabu ya mtu anayeijua tayari. Kijana akasema kushuka walikotokea na mawe yale yanayoteleza si jambo la mtu mwenye akili. Wamalizie tu mpaka mgongoni, upande wa pili ni njia pana, laini, mpaka mgahawani.

"Juu kuna umbali gani?" Gildo akauliza.

Mchungaji akampima kwa macho. "Kwangu au kwako?"

Wakaendelea. Benigno alikuwa ameokota vipande vya dhumna alivyoviona, akavijaza mfukoni, akawa kila hatua analia kama mkoba wa sarafu. Gildo sasa hakuwa mbele. Filimbi ilirudi kwa mwenyewe. Nyuma yake alitembea Araceli, na hakumsemesha, lakini kila waliposimama alikuja, akamshika kifundo cha mkono, akaweka vidole viwili pale, akatazama saa, midomo ikihesabu kimya. Kisha anauachia ule mkono uanguke, kama mtu anayerudisha kitu dukani, na wanaanza tena.

"Sema kitu basi," Gildo akamwambia safari moja.

"Usiongee. Unanivuruga hesabu."

Waliposimama tena, chini ya msonobari mmoja uliopindishwa na upepo, hakuuachia mkono.

"Nimewaambia wagonjwa wangu," akasema. "Kuna mzee mmoja kitanda cha dirishani alikuwa hataki hata kunyanyuka kwenda chooni. Nikamwambia habari zako. Akaanza kutembea ukumbini. Kila asubuhi ananiuliza, baba yako amefika wapi wiki hii? Nami namwambia, baba. Namwambia tai."

Gildo alitafuta mzaha. Maisha yake yote mzaha ulikuwa mahali pake, kama kisu kwenye mkanda. Safari hii mkono ulikwenda ukakuta patupu.

"Jumapili nyumbani ni ndefu, Araceli," akasema mwishowe. "Mama yako alikuwa anaipigia redio kelele, anakaanga, ananituma hiki na hiki, mpaka jua linazama sijakaa. Alipoondoka, Jumapili ikawa inanikalia. Uliponileta huku, mlima ulinishinda siku ya kwanza. Nilitaka kukupigia nikwambie nimeacha. Halafu nikafikiri: nikiacha, narudi dirishani. Pale kwa Salud kuna watu. Wananisubiri. Wakishuka wananiita kwa jina tangu konani, 'Gildo, leo kuna nini?' Sikupanda, ni kweli. Lakini nilikuwa natoka nyumbani."

Araceli akatazama saa yake ingawa alikuwa amekwishahesabu.

"Ungeniambia hivyo hivyo."

"Ungefurahi?"

Akafikiri. "Ningekupigia kelele."

"Unaona."

"Halafu ningefurahi, baba. Mjinga wewe." Akamfuta jasho kwa mkono wa fulana yake, kwa nguvu, kama mtoto mchafu. "Una mapigo ya punda. Sijui moyo huo umeutoa wapi na chakula unachokula. Twende."

Mama Olvido, aliyekuwa ameketi jiwe la pili akijifanya anatoa kokoto kwenye buti, alinyanyuka naye. "Kwa pua, Bwana Gildo."

"Kwa pua, kwa pua," Gildo akanung'unika. "Mnadhani pua yangu ni mlango wa kanisa."

Walifika mgongoni mchana umeshakomaa. Gildo alikuwa wa mwisho. Kikundi kizima kilikuwa kimejipanga huko juu kumngoja, na kichwa chake kilipotokeza walimpigia makofi na vigelegele mpaka mbuzi wa chini wakashtuka. Benigno alimpa mkono, macho mekundu, pua imevimba kama kitunguu. Gildo aliwapita wote. Akasimama ukingoni, fimbo zimening'inia.

Bahari ilikuwa kule. Yote. Miji ya pwani ilikuwa imemwagika kando yake kama chumvi, na nyumba yake ikiwa mojawapo ya punje hizo, na mbali kabisa, mahali ambapo maji yanapaswa kuisha, kulikuwa na mstari hafifu wa milima ya Moroko, ya buluu, kama mtu aliyeianza picha akaitwa kula.

"Benigno," akasema, pumzi iliporudi. "Uliniambia inafanana na bati."

"Si inafanana?"

"Wewe huna macho. Umenifanya nimwambie binti yangu uongo, na uongo wenyewe mbaya."

"Basi inafanana na nini?" Araceli akamuuliza.

Gildo akafumbua mdomo. Mtu huyu, ambaye kwa miezi alikuwa ameeleza vilele asivyovijua mpaka watu Málaga wakanyanyuka vitandani, alisimama pale na neno halikuja. Akatingisha kichwa tu. Araceli akamshika mkono, safari hii si kwa kupima kitu.

Kushuka kulikuwa kwa furaha na kwa mateso. Magoti yake, yote mawili, ambayo alikuwa ameyasingizia muda wote huo, sasa yalidai haki yao kwa kelele. Na walipotokea kona ya mwisho juu ya mgahawa, hawakuona moshi. Meza chini ya mzabibu ilikuwa tupu, paka amelala juu yake.

"Mlidhani nitapika kwa ndoto?" Salud akawaambia mlangoni. "Anayechagua nyama ameondoka asubuhi bila kuaga. Nikafikiri mmefiwa."

Watu wakamgeukia Gildo. Njaa ina macho ya namna moja duniani kote. Gildo, anayechechemea miguu yote, aliomba kiti, akaagiza kiti hicho kipelekwe jikoni, akaketi mbele ya jiko kama mfalme mgonjwa. Soseji na paja vilikuwa vimekwenda na jibwa. Kilichobaki kwa Salud kilikuwa mkate wa juzi, vitunguu saumu, mafuta, pilipili kavu na mayai. Ilitosha. Aliamuru mkate uvunjwevunjwe na kunyunyiziwa maji. Araceli akamenya saumu. Mama Olvido, bila kuulizwa, alishika mwiko akaanza kukaanga.

"Huko Cazorla mnaweka chumvi mwishoni?" Gildo akamuuliza, anashangaa.

"Huko Cazorla tunajua kupika."

"Subiri, subiri, mama. Punguza moto."

"Uliniambia ua la zambarau haliguswi. Siamini tena chochote kinachotoka mdomoni mwako."

Walibishana mpaka makombo ya mkate yakawa rangi ya dhahabu, na wakaendelea kubishana mezani, na Araceli alikula sahani mbili na kulala usingizi hapo hapo, shavu kwenye mkono, midomo inang'aa mafuta. Alipoamka, wengi walikuwa wameondoka. Mwalimu Casilda alikuwa amekwishapanga mambo ya wiki ijayo: Gildo atatembea mpaka mwisho wa mfereji, chini ya misonobari, asubuhi na mapema, halafu atarudi kusimamia chakula. Hakuna aliyempa nafasi ya kupiga kura.

"Na mimi nitakuja kuhakikisha," Mama Olvido akasema. "Kutoka Cazorla si mbali."

"Ni mbali sana," Gildo akasema.

"Basi nitaondoka mapema."

Jioni Araceli alimrudisha nyumbani kwa gari. Gildo anakaa ghorofa ya pili, na nyumba ile haina lifti. Alitia mguu kwenye ngazi ya kwanza, goti likakataa. Akajaribu la pili, nalo likaunga mkono la kwanza. Akajaribu kupanda kinyumenyume. Akajaribu kwa mikono. Mwishowe Araceli akaja nyuma yake, akaweka bega lake chini ya makalio ya baba yake, akasukuma.

"Pumua kwa pua!"

"Ukinichekesha tutaanguka wote!"

Wakapanda ngazi moja, wakasimama kucheka, wakapanda nyingine. Mlango wa ghorofa ya kwanza ukafunguka, jirani akachungulia, taulo kichwani.

"Jamani, Gildo! Amepatwa na nini?"

"Hakuna kitu, mama," Araceli akasema, uso umezama kwenye suruali ya baba yake, machozi ya kicheko yanamtoka. "Ametoka mlimani."